Kipoza cha Prosesa Kwenye Kadi ya Grafiki: Uchambuzi wa GTX 1060 Katika Joto la Tabora

Watazamaji wangu, wakubwa shikamooni, na wenzangu nawasalimu kutoka Tabora mjini. Leo nachambua swali ambalo vijana wengi wa hapa wamekuwa wakiniuliza, hasa wanaohariri video za harusi na wanaoendesha vibanda vya gemu: je, inafaa kuvua kipoza cha asili cha kadi ya grafiki na mahali pake kufunga kipoza kilichotengenezwa kwa ajili ya prosesa, ili kadi iweze kuovaklokiwa zaidi, yaani kuendeshwa kwa kasi kubwa kuliko ile iliyowekwa kiwandani? Jibu langu nalitoa mapema. Inafaa, lakini faida yake kubwa ni utulivu wa kasi na ukimya wa feni, wala si kasi mpya ya kustaajabisha, na anayeianza kazi hii kwa kutafuta kasi peke yake atakuta ukuta ambao hakuna kipoza kinachoweza kuubomoa.

Kadi iliyo mbele yangu mezani ni GeForce GTX 1060 ya gigabaiti 6, toleo fupi lenye feni moja. NVIDIA waliitoa kadi ya aina hii Julai 2016, ikiwa na chipu ya GP106, kasi ya msingi ya megahezi 1,506 na kasi ya kupandishwa ya megahezi 1,708, na matumizi yake ya umeme yamekadiriwa kuwa wati 120. Nimeichagua kwa sababu ndiyo kadi ninayoikuta mara nyingi kwenye kompyuta zilizotumika zinazofika hapa, na kwa sababu feni ya kadi kama hii ikifa, kupata ya kwake halisi hapa Tabora ni kazi ngumu, ilhali vipoza vya prosesa havikosekani kwa mafundi. Kipoza nilichokifunga ni Cooler Master Hyper 212 EVO, mnara wenye urefu wa milimita 159, mirija minne ya shaba na feni ya milimita 120.

Kabla ya kugusa bisibisi, ni vizuri tuelewe kadi hii inavyojiendesha yenyewe. Kadi za kizazi hiki hazikai kwenye kasi moja. Zinapima joto, umeme na voltaji kila wakati, na joto linapopanda zinashusha kasi kwa ngazi ndogo za megahezi 13 hivi, zikianza kufanya hivyo mapema sana kabla ya kufika nyuzi 83 za Selsiasi, ambazo ndizo kikomo cha kawaida walichokiweka watengenezaji. Ndiyo maana mtu anaweza kuona namba nzuri dakika ya kwanza ya gemu, kisha baada ya robo saa picha zikaanza kuwa nzito bila yeye kubadilisha chochote. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana hupita nyuzi 30 kivulini, na kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongezeka pia kwenye chipu. Tena Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani, na feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile hubeba joto karibu tisa ya kumi tu ya lile ambalo ingelibeba Dar es Salaam. Hiyo ni sababu ya kutozichukua namba za watu wa nchi za baridi kama zilivyo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na hapa nitakaa sana kwa sababu ndipo kadi nyingi zinapoharibiwa.

Prosesa ya kompyuta ya mezani ina mfuniko wa chuma juu yake, na mfuniko huo hufanya kazi mbili: unasambaza joto na unalinda chipu dhidi ya mgandamizo. Chipu ya kadi ya grafiki haina mfuniko. Ukiondoa kipoza cha asili na kufuta grisi ya zamani, ile inayopitisha joto kati ya chipu na kipoza, unachokiona kinachong'aa kama kioo ndicho chipu chenyewe, silikoni tupu, na kona zake zinaweza kumeguka ukikiegemeza kipoza upande mmoja. Kwa hiyo skrubu hazikazwi moja hadi mwisho ndipo nyingine ianze. Zinazungushwa kidogo kidogo kwa mshazari, ya juu kushoto kisha ya chini kulia, na kila moja iwe na springi ili mgandamizo uwe na kiasi. Chini ya kila kichwa cha skrubu na kila nati inayogusa ubao wa kadi weka washa ya nailoni, kwa sababu kuna njia nyembamba za umeme karibu sana na matundu yale.

Matundu nayo hayalingani. Soketi za Intel, yaani makao ya prosesa kwenye ubao mama, za familia ya LGA 115x zina mraba wa milimita 75 kutoka tundu hadi tundu, LGA 1700 ina milimita 78, na AM4 ya AMD ina mstatili wa milimita 90 kwa 54. Kwenye kadi za daraja hili matundu hukaribia sentimita 6 tu, na yanatofautiana kati ya kadi na kadi, kwa hiyo pima kwa kalipa kadi yako mwenyewe. Vishikio vinavyokuja na kipoza havitafika. Nilichofanya ni kukata kipande cha bati nene la alumini, nikakitoboa kwa drili kwa fundi wa madirisha ya alumini, watu ambao wana vifaa vizuri na mkono mwepesi kwa kazi hii, na kipande hicho ndicho kinachokandamiza kitako cha kipoza juu ya chipu. Wapo wanaotumia kamba za plastiki za kufungia nyaya. Siwashauri, kwa sababu plastiki ikikaa kwenye joto hulegea, na kipoza kikilegea usiku kadi ikiwa kazini, hutajua mpaka kompyuta ijizime.

Tazameni sasa kitako cha kipoza hiki, maana hapa ndipo penye hoja yangu kuu dhidi yake. Mirija yake minne, kila mmoja wenye upana wa milimita 6, imepangwa sambamba na inaigusa prosesa moja kwa moja bila bamba la shaba katikati. Juu ya prosesa mpangilio huo unatosha, kwa kuwa mfuniko umekwisha kulisambaza joto. Chipu ya GP106 ina eneo la milimita za mraba 200, yaani takriban milimita 14 kila upande. Ukiiweka katikati ya kitako hiki, mirija miwili ya kati ndiyo inayobeba karibu mzigo wote, na ile ya pembeni inaguswa kwa kingo tu. Umenunua mirija minne, unatumia miwili. Kipoza kidogo zaidi chenye kitako kizima cha shaba kingeweza kuishinda minara ya namna hii kwenye kadi ya grafiki, na kama unachagua leo, hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia kabla ya ukubwa wa feni. Grisi ya joto tumia ya kawaida isiyopitisha umeme, uipake ifunike chipu nzima. Ile ya metali ya majimaji yenye galiamu iache kabisa: inapitisha umeme, na ikigusa alumini huila.

Wengi huishia hapo, wakawasha kompyuta, wakafurahi kuona joto limeshuka, kisha baada ya muda kadi ikafa wasijue sababu. Sababu iko pembeni mwa chipu. Kipoza cha asili kilikuwa kikipeperusha hewa juu ya ubao mzima, kikizipoza transista zinazogawa umeme pamoja na vipande sita vya memori ya GDDR5 vilivyoizunguka chipu. Mnara unapuliza hewa sambamba na ubao, mbali nao, na sehemu hizo zinabaki bila upepo. Programu nyingi za kupima joto haziwezi kuziona, kwa sababu kadi kama hii inaripoti joto la chipu tu. Nimebandika hitisinki, yaani vipande vyenye mapezi vya kutolea joto, ndogo za alumini kwa gundi ya joto juu ya kila transista na kila kipande cha memori, na nimeweka feni ya pili ya milimita 80 inayopuliza ubao moja kwa moja. Hili si pambo. Ukikosa nafasi au uwezo wa kulifanya, usiovakloki kabisa. Kwa sababu hiyohiyo, kipoza bapa, kile ambacho feni yake inapuliza kuelekea chini kwenye ubao, kinafaa kadi ya grafiki kuliko mnara, hata kama kwenye maduka kinaonekana kinyonge.

Mahali pa kuiweka pia panahitaji akili. Katika keisi ya kawaida iliyosimama, kadi hulala na mnara huu ungening'inia chini yake hadi kwenye pawasaplai. Ndani ya mirija kuna majimaji kidogo yanayogeuka mvuke upande wa moto na kurudi kwa utambi kutoka upande wa baridi, na ukining'iniza mnara kichwa chini, majimaji hayo yanalazimika kupanda. Mimi nimeilaza kompyuta juu ya fremu ya mbao iliyo wazi, kadi ikasimama wima, mnara ukaenda kando, na chini yake nimeweka kigingi cha mbao kinachoubeba uzito ili sloti, yaani nafasi ya ubao mama inayochomekwa kadi, isivunjike. Bei ya uwazi huo ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi letu jekundu huingia popote, hivyo brashi laini na kitambaa cha kufunikia wakati kompyuta imezimwa ni sehemu ya kipoza hiki.

Plagi ya feni ya kadi ni ndogo kuliko ya ubao mama, kwa hiyo feni ya mnara nimeichomeka kwenye ubao mama na kutumia programu ya Fan Control, ambayo ni ya bure, ili iisikilize kadi badala ya prosesa.

Matokeo. Nilitumia Unigine Heaven, programu ya kuipima kadi kwa picha nzito, kwa muda mrefu, mchana, madirisha yakiwa wazi, na MSI Afterburner, programu ya kuovakloki na kufuatilia kadi, ikiandika kila badiliko. Kwa kipoza cha asili kadi ilianza juu kidogo ya megahezi 1,900, ikateremka ngazi kwa ngazi hadi ikagota kwenye nyuzi 83 huku feni ikilia chumba kizima. Kwa mnara, chipu haikuvuka nyuzi 60, na baada ya kuovakloki ilikaa karibu na megahezi 2,050 bila kuteremka. Feni huisikii ukiwa umekaa hatua mbili tu kutoka mezani. Kwa mtu anayetoa video ya saa mbili ya harusi na wateja wanasubiri, utulivu huo una thamani kubwa.

Lakini juu ya hapo haikwenda, na haitakwenda. Kadi za kizazi hiki zimefungiwa voltaji isizidi takriban volti 1.093, na zina kikomo cha umeme ambacho Afterburner inakuruhusu kukiongeza kidogo tu. Sloti inatoa hadi wati 75, plagi ya pini sita wati nyingine 75, na matumizi ya chipu hukua kwa mraba wa voltaji. Ubaridi unasaidia kwa njia moja ambayo wengi hawaifahamu: chipu yenye joto huvujisha umeme zaidi, hivyo ikipoa inaokoa wati chache, na wati hizo zinarudi ndani ya kikomo kama kasi. Ni msaada wa kweli, ila ni mdogo.

Kwenye memori panda polepole na upime kila hatua. GDDR5 ina utaratibu wa kugundua makosa na kutuma data upya, kwa hiyo ukivuka mpaka, picha inaweza kubaki safi kabisa huku alama zako za majaribio zikishuka. Ukiona megahezi zimepanda na fremu zimepungua, rudi nyuma. FurMark, programu ya kuielemeza kadi kupita kiasi, sikuitumia kuamua kasi, kwa sababu inaibana kadi kwenye kikomo cha umeme kuliko gemu yoyote, na kasi inayoonyesha si ile utakayoiona kazini.

Nani basi afanye kazi hii? Yule ambaye feni ya kadi yake imekufa, au kipoza chake cha asili ni kile kidogo cha alumini tupu, na dhamana imekwisha. Huyo namshauri kwa moyo mmoja, ila atafute kipoza bapa chenye kitako cha shaba badala ya mnara huu. Mwenye kadi ya feni mbili au tatu inayofanya kazi vizuri aisafishe vumbi na kubadilisha grisi, aone kwanza anapata nini, kwa kuwa mara nyingi sehemu kubwa ya nyuzi anazozitafuta ziko hapo. Na ambaye umeme wa mtaa wake hupanda na kushuka, aanze na kidhibiti umeme kabla ya kipoza chochote, kwa maana kadi iliyoovaklokiwa ina nafasi ndogo ya kuvumilia mtikisiko.

Wiki ya kwanza baada ya kufunga, zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha kagua skrubu zote nne. Springi hulegea kidogo kadri chuma kinavyopata moto na kupoa, na huenda ukahitaji robo ya mzunguko kwa kila moja, kwa mshazari uleule.