Kamusi ya Merriam-Webster: nimebaki nayo kwa ajili ya neno moja tu, irregardless

Habari zenu wakuu. Mimi kazi yangu ni kutafsiri, maneno ya chini ya filamu na makaratasi ya watu, kingereza kuja kiswahili na kurudi, kwahiyo kamusi ndo jembe langu. Leo naisifia kamusi ya Merriam-Webster, ile ya kingereza ya Wamarekani, ya bure mtandaoni, maana naona wengi wanachukua kamusi yoyote inayotokea juu wakitafuta Google, na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka neno moja likaniumiza.

Neno lenyewe ni irregardless. Nililisikia kwa mteja Mmarekani kwenye simu, nikaingia kwenye programu fulani ya kamusi niliyokuwa nayo kipindi hicho (sitaitaja), ikaniambia maana yake ni sawa na regardless, yaani bila kujali, basi, ikaishia hapo. Nikaona neno refu, lina uzito, nikaliweka kwenye barua ya kuomba kazi. Barua ikarudi neno limepigwa mstari na pembeni wameandika hili si neno, na kazi sikupata. Labda kulikuwa na sababu zingine ila aisee niliumia, maana nilikuwa nimeangalia kamusi, sikubuni kitu kichwani kwangu.

Usiku ule ndo nikafungua Merriam-Webster. Kitu cha kwanza kinachokukuta pale ni lebo, nonstandard, yaani si sanifu, kabla hata ya maana. Chini yake wanaeleza kila kitu kwa lugha ya kueleweka: ndio, ni neno, limetumika miaka zaidi ya 200, na tumizi la zamani wanaloonyesha ni la 1795 kwenye gazeti la Charleston, South Carolina. Kwenye kamusi yao limo tangu 1934. Halafu wanakushauri kama ndugu yako, bado halijakubalika na wengi, andika regardless. Sasa hicho ndicho nilichokuwa nakihitaji siku ile jamani! Maana nilikuwa nayo, nilichokosa ni mtu wa kuniambia watu watakuonaje ukiliandika.

Kinachowaudhi Waingereza na Wamarekani ni hesabu ya neno lenyewe. Ile ir- ya mbele inakanusha kama kwenye irregular, na -less ya nyuma nayo inaondoa, kwahiyo ukilifumua unapata kinyume cha kile msemaji anachotaka kusema. Inaelekea watu waliunganisha irrespective na regardless likatoka moja. Kwetu mbona yapo, mtu anasema "rudia tena" wakati kurudia peke yake kunatosha, na kila mtu anamuelewa. Julai 2020 kulikuwa na kelele kubwa mitandaoni watu wakidhani kamusi imeliingiza neno juzijuzi, wenyewe wakajibu kwamba lipo humo toka 1934.

Na hapo kuna kitu ninachokipenda sana. Toleo hilohilo la 1934 ndilo lililochapwa na neno dord, eti maana yake densiti, kumbe ilikuwa karatasi ya kifupisho cha density, imeandikwa "D or d" (D au d), ikawekwa kwenye rundo lisilo lake na ikasomwa kama neno moja. Waligundua 1939 na wakaja kuliondoa, kwasababu hakuna binadamu aliyewahi kulisema. Irregardless linachukiwa miaka yote hiyo na limebaki, kwasababu watu wanalisema kweli. Kwa kamusi huo ndo uaminifu, na ndo maana nikikuta lebo yao siku hizi naiamini.

Kory Stamper, aliyewahi kuwa mhariri pale, alishaeleza kwamba kuna wanaolitumia kwa kukazia, regardless inatangulia, mabishano yakiendelea inakuja irregardless kufunga mjadala. Hii ilinisaidia kwenye kazi kuliko maana yenyewe.

Matumizi: tovuti ni bure na ina matangazo, kuna sauti ya matamshi ukibonyeza alama ya spika, na ile kamusi kubwa kabisa ya Unabridged ndo unailipia. Kiswahili hamna humo, kwahiyo ukishaelewa neno kazi ya kulileta nyumbani ni yako. Kama unaandika barua au mtihani wa kingereza, tafadhali soma ile lebo kabla ya maana, na soma aya ya chini pia hata kama una haraka.

Natoa nyota 5. Wiki iliyopita kwenye filamu nimekutana nalo tena, mama mmoja anagombana na mwanae, anasema regardless, mtoto anabisha, mama anamkatia na irregardless. Ya kwanza nikaandika "hata kama". Ya pili nikaandika "iwe isiwe".