Abonema yangu ya mwaka: gazeti zuri, ofisi mbovu

Niseme mapema kwamba gazeti lenyewe ni zuri, maana nikianzia kwenye ofisi yao sitafika huko. Ni gazeti la hapa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, linatoka kila mwezi (linapopenda kutoka), na nililipia abonema ya mwaka mzima kwa pesa ya mikono yangu, yaani nililipa mapema ili niletewe kila toleo. Nina saluni huku Kadutu, hapa hapa mjini. Mama anayesukwa tresi anaweza kukaa kwangu nusu siku, nikaona heri nimwekee kitu cha maana cha kusoma kuliko kumwachia simu na umbea. Jina lao silitaji, nawasitiri.

Kilichonichoma ni ile namba, yaani toleo, la mioto ya nyumba. Anayeishi Kadutu anajua: nyumba za mbao zimebanana, vijia havipitishi hata toroli, moto ukishika kwa jirani wewe unaanza kutoa magodoro. Waandishi wao waliingia humo ndani, wakauliza nani aliuza viwanja mpaka njia ikaisha, wakaandika majina na vyeo. Ni wangapi hapa mjini wanaandika hivyo? Wengi wanafuata semina, wanapokea bahasha ya kupaje (pesa anayopewa mwandishi ili aandike vizuri), jioni tunasikilizishwa jinsi mheshimiwa alivyofungua kikao. Basi namba hiyo mji ulikuwa unaizungumza, na yangu haikufika. Nikangoja. Siku moja nashuka Nyawera, namkuta kijana anayeuza barabarani ameibeba rundo zima. Mimi niliyetanguliza pesa bado nangoja!

Nikanunua moja, nikapanda nayo ofisini. Kijana wa mapokezi hakuinua hata macho kwenye simu yake. Nikamweleza taratibu, wallahi nilianza taratibu. Akasema, "Mama, vumilia. Abonema zenu ni za kutusaidia tu, hazilipi hata karatasi." Nikamuuliza kama basi sina haki ya kudai. Akanijibu, "Mama, katika mji huu watu waliuawa kwa kazi hii, na wewe unakuja kulilia namba moja?"

Nilitetemeka. Ananifundisha mimi? Serge Maheshe alipigwa risasi hapa hapa Bukavu mwezi wa Juni 2007, na Didace Namujimbo Novemba 2008, wote wawili waandishi wa habari wa Radio Okapi. Huyo kijana enzi hizo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Sisi tulikuwa tukiwasikiliza, na tukawalilia. Damu yao si ya kumzibia mdomo mteja aliyekosa gazeti lake.

Na hicho ndicho kinachonisumbua hadi leo, kuliko hata ile namba. Wanatuhesabu kama watu waliotoa sadaka: ukishaitia kwenye kikapu, huulizi tena ilikwenda wapi. Mimi sikutoa sadaka, nilinunua. Radio Okapi ilianzishwa 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, hawajawahi kunidai franka moja, kwa hiyo nikiikosa simgombezi mtu. Lakini gazeti linalosema halitaki kuishi kwa mfadhili wala kwa mwanasiasa, bwana wake ni nani kama si sisi tunaolipa? Halafu fungua namba ile ile, katikati utakuta kurasa mbili nzima za pongezi kwa kiongozi fulani, picha kubwa, suti, tai. Yeye sidhani kama aliambiwa avumilie. Na hakuna palipoandikwa kwamba ni tangazo la kulipiwa, msomaji ajitambulie mwenyewe!

Nikarudi saluni nimeapa sirudi tena kwao.

Basi ile nakala ya Nyawera nikaitupa mezani. Mteja wangu mmoja, nyumba yake iliungua kiangazi kilichopita, akaiokota na kichwa kimesukwa nusu. Akaanza kusoma kwa sauti. Alipofika kwenye jina la mtu aliyeziba njia yao akasimama, meshi zinaning'inia, akasema, "Ni huyu! Ni huyu kabisa!" Kazi ikasimama saluni nzima, kila mtu ana lake la kuongeza. Jirani akaja kupiga picha kurasa kwa simu yake. Leo nakala hiyo haina tena kurasa za habari ya mioto, kuna aliyeziiba, na simlaumu. Redio isingetupa hilo, redio inasema na kupita.

Hasira ikashuka. Nikasema watu hawa wanastahili, acha niwaongezee mwaka. Safari hii nilimkuta mhariri mwenyewe, mama wa heshima, akaniomba msamaha, akaeleza kwamba motari wao, mwenye pikipiki ya kusambaza, aliacha kazi na waliolipa ndio wakaumia kwanza. Nikamwelewa. Nilikuwa tayari kuandika hapa kwamba kila mwenye uwezo akachukue abonema kesho.

Nikatoa dola zangu, nikaomba risiti. Kumbe wa risiti ni kijana yule yule. "Kitabu kimeisha, Mama. Acha pesa, utapitia risiti wiki ijayo."

Nikazirudisha mkobani. Gazeti nawaambia msomeni, hasa ninyi wa Kadutu. Ila abonema, hapana, au labda hapana kwa sasa. Namba ijayo naichukua Nyawera kwa yule kijana wa barabarani: pesa mkononi, gazeti mkononi.