Wiki nane za Linux Wandegeya: nilicholipia na nilichopata

Mimi ni karani wa mizigo katika ofisi ndogo ya usafirishaji karibu na Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, Kampala. Kila asubuhi nilikuwa nafungua mafaili thelathini na kitu yaliyotoka Arua, Elegu na Mpondwe, nanakili, nabandika, najumlisha. Bosi alipoleta seva ya mtumba yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, macho yote yakanigeukia mimi, kisa niliwahi kutengeneza printa. Basi nikajiandikisha kozi ya jioni ya Linux huko Wandegeya: wiki nane, shilingi 450,000, nusu mwanzoni na nusu katikati.

Wiki ya kwanza nilikaribia kudai pesa zangu. Nilichokuja kujifunza ni skripti, yaani mafaili ya amri zinazojiendesha zenyewe, lakini mwalimu akatuweka wiki mbili nzima kwenye keneli, kiini cha mfumo, michakato, kumbukumbu na ruhusa za faili. Darasa lilikuwa la mchanganyiko, Wakongomani, watu wa Juba, sisi wa Arua, na vijana wawili wa Masaka, kwa hiyo Kiswahili kikashinda. Mwalimu akasema: keneli ni mtunza stoo. Hakuna programu inayoingia stoo yenyewe kuchukua diski au kumbukumbu. Inaomba dirishani, naye anaangalia kama jina lako limo kwenye daftari. Bash ni yule kijana wa dirishani anayepokea maneno yako na kuyapeleka ndani. Mtu wa Kikuubo haelezwi mara mbili.

Umeme nao ulifundisha kwa namna yake. Jenereta ilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Siku moja ulikatika tukiwa tunaandika, uliporudi mashine zikaanza kurekebisha diski zenyewe, na mwalimu akatumia nafasi hiyo kueleza jarida la ext4, mpangilio ambao Linux hutunzia faili kwenye diski: mfumo huandika kwanza kile unachotaka kubadilisha, ndipo ubadilishe, ili ukikatishwa njiani ujue ulipoishia. Kazi yangu ambayo sikuwa nimehifadhi haikurudi, bila shaka.

Skripti zilipoanza, jioni nzima iliniishia kwenye nafasi tupu. Nikitaka jina siku libebe namba 7, niliandika:

siku = 7

Bash ikajibu kwamba haijui amri inayoitwa siku. Ukiacha nafasi kabla ya alama ya sawasawa, neno la kwanza linachukuliwa kuwa amri. Lazima iwe siku=7, vimeshikana. Jirani yangu alicheka hadi akafanya kosa lile lile.

Sasa nije kwenye siku niliyotokwa na jasho. Wiki ya sita niliandika skripti ya kufuta hati za zamani kwenye laptopu ya ofisi. Juu niliandika FOLDA=/home/mizigo/zamani. Chini nikaandika rm -rf $FOLDER/*, yaani futa kila kilichomo humo bila kuuliza. Tazama vizuri hayo majina mawili. La pili halikuwa na kitu ndani, na Bash haikulalamika, iliweka utupu tu, amri ikabaki rm -rf /*, futa kila kitu kwenye mashine. Mistari ya kunyimwa ruhusa ikaanza kuporomoka kwenye skrini: /bin, /boot, /etc. Nikadhani nimepona. Kisha mistari ikanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwa sababu ilikuwa imefika /home, na humo kila faili lilikuwa langu. Nilipobonyeza Ctrl na C kuisimamisha, hati za siku mbili zilikuwa zimekwenda. Za nyuma zilikuwa kwenye flashi, Mungu ni mwema.

Hapo ndipo wiki zile mbili zilipojilipa. Mfumo ulibaki mzima kwa sababu sikuwa root, yule mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote, mtunza stoo alinikatalia. Tangu siku ile kila skripti yangu inaanza na set -u, ambayo inasimamisha kazi ikikutana na jina lisilopewa thamani, na kabla ya rm yoyote ninaweka echo, inayoandika tu amri kwenye skrini bila kuitekeleza, nione itafuta nini.

Malalamiko ninayo. Tulikuwa ishirini na mbili kwa mashine kumi na nne, njoo mapema au ukae na mwenzio. Kroni, inayoendesha skripti yenyewe kwa saa uliyoipangia, ambayo ndiyo hasa iliyonipeleka pale, ilipewa dakika ishirini. Hakuna aliyetuambia kwamba kroni haisomi .bashrc yako, faili la mipangilio ya Bash, na kwamba PATH yake, orodha ya folda inakotafuta amri, ni fupi. Skripti yangu ilikwenda vizuri mchana nikiiendesha kwa mkono, usiku ikafa kimya kimya siku nne, hadi nilipoandika njia kamili za amri na kuelekeza matokeo yake kwenye faili, na makosa yafuate huko huko kwa 2>&1.

Sasa nikifika ofisini saa mbili asubuhi jumla za vituo vyote vitatu zinanisubiri, nami nakula rolex yangu, chapati iliyoviringishwa na mayai, ikiwa bado moto. Kama hujawahi kugusa terminali, dirisha la kuandikia amri, kozi hii itakufaa. Kama tayari unajua grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, na mabomba yanayounganisha amri, wiki nne za mwanzo utasinzia.

Cheti kilikuja wiki tano baada ya kumaliza, na jina langu likiwa limekosewa herufi moja. Nimewaandikia mara mbili.