Kitabu cha kusikiliza unanunua sauti kwanza: pa kununua ukiwa Nairobi, kuanzia pazuri zaidi

Naishi Rongai na kazi iko Westlands. Siku jam ikikaza namaliza saa mbili nzima asubuhi na zingine mbili jioni ndani ya matatu, na hizo saa nne ndizo zilinifanya nianze kusikiliza vitabu, mwaka wa sita huu. Watu huniuliza nanunua wapi na kama inafaa pesa, na kabla sijataja app yoyote mimi huuliza hivi: umesikia sauti ya anayesoma? Manake kitabu cha karatasi unanunua maneno ya mwandishi basi, lakini cha kusikiliza unanunua pia mtu wa kukaa naye masikioni siku tatu nne mfululizo. Wasomaji wengi wa Kiingereza huenda kama maneno 9,000 na kidogo kwa saa, kwa hivyo riwaya ya maneno 90,000 ni karibu saa 10. Saa 10 na mtu ambaye sauti yake inakukwaruza ni nyingi sana jamani, hata kitabu kiwe kitamu namna gani utakiachia sura ya pili na pesa imeenda.

Kwa hivyo kabla ya kulipa nafanya hivi. Karibu kila duka linakupa sampuli ya dakika chache bure, nami siisikilizi nyumbani kwenye kimya, naicheza pale steji ya Railways jioni, konda wanaita, honi zinalia, redio ya gari la mbele iko juu. Msomaji mzuri utamsikia hapo bila kupandisha sauti hadi mwisho kwa sababu anamalizia maneno yake, hayamezi, wale wanaonong'ona nong'ona ili wasikike wa kuvutia wanapotea kabisa ukifika Lang'ata Road. Halafu nasikiliza mazungumzo: watu wawili wakiongea kwa kitabu, najua ni nani anaongea bila kungoja niambiwe "akasema fulani"? Na mwisho nasikiliza majina. Kama kitabu kina watu wa Afrika na msomaji anajikwaa kwa jina la mhusika mkuu kwenye sampuli, hiyo ni dakika ya pili tu, fikiria saa ya nane.

Sasa pa kununua, naanza na ninapopaweka juu.

Ya kwanza ni Audible, ya Amazon. Sipendi kwamba ni ya kampuni kubwa inayomeza kila kitu lakini kwa vitabu vya siku hizi hakuna pengine penye wasomaji wengi wazuri hivyo, ukweli lazima usemwe. Mpango wenyewe unaokuwa na krediti moja kwa mwezi ni dola 14.95, yaani kama shilingi 1,930 kwa dola ya 129, na krediti moja inanunua kitabu kimoja kiwe cha saa 4 ama cha saa 40. Hapo ndipo watu hupoteza pesa. Kitabu kifupi mara nyingi bei yake ya kawaida iko chini ya krediti, kwa hivyo hicho kinunue kwa pesa ya kawaida, krediti weka kwa vile virefu vya bei kali. Ukinunua kwa krediti kitabu ni chako hata ukiacha kulipa, lakini vile vya kusikiliza bure ndani ya uanachama vinaenda na uanachama wako. Na krediti ambazo hujatumia zinapotea ukijitoa, kwa hivyo tumia zote kwanza ndio ujitoe, tafadhali, hii nimeona watu wawili wa ofisini kwetu ikiwauma. Huna kadi ya benki? Kuna ile Visa ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay iliyokuja 2022, unaitengeneza kwa simu na unalipia vitu vya nje.

Krediti ya kwanza uitumie kwa nini? Mimi naambia kila mtu Born a Crime ya 2016, mchekeshaji wa Afrika Kusini Trevor Noah anasimulia utoto wake na anajisomea mwenyewe, karibu saa 9. Mwanzo mwanzo kuna kisa cha minibasi, mamake anamrusha nje ya gari likiwa linatembea ili kumwokoa, na mimi nilikuwa nakisikiliza ndani ya mat ya Rongai pale Bomas, gari limejaa, nikashika kiti cha mbele kwa mikono miwili kama mimi ndiye naruka. Kuna neno la Kixhosa ambalo mamake hulitumia kumwonya, na yeye analitamka na vile vidoko vya ulimi, halafu anaeleza limebeba vitisho vingapi. Kwa karatasi hilo neno ungeliruka kwa jicho, nani atajua kulitamka? Kwa sikio linakuwa mama mzima amesimama mlangoni na mkono kiunoni. Na anapogeukia Kizulu kwenye kisa ambacho lugha ndiyo ilimwokoa asiporwe, unaelewa kabisa kwa nini kitabu hicho hakikufaa kusomwa na mtu mwingine.

Lakini msinielewe vibaya, mwandishi kujisomea si lazima iwe bora, wengi wao wanasoma kama wanasoma ripoti ya mkutano. Americanah, riwaya ya Mnigeria Chimamanda Ngozi Adichie, inasomwa na Adjoa Andoh, mwigizaji wa Uingereza ambaye babake ni Mghana, zaidi ya saa 17, na anabeba Wanigeria, Wamarekani na Waingereza bila kumfanya yeyote katuni. Kuna tofauti kati ya kumwigiza mtu na kumdhihaki, na sikio la Mwafrika linaikamata hiyo tofauti mara moja. Wazungu wengi wakisoma mzee wa kijijini wanampa sauti ile moja nzito ya mchawi wa sinema, nikiisikia kwa sampuli sinunui, hata wanipe nusu bei.

Jambo lingine angalia kabla ya kubonyeza: neno "abridged" maana yake kimefupishwa, "unabridged" ni kamili. Toleo la sauti la Dreams from My Father ambalo Obama alilisoma mwenyewe na kupata Grammy 2006 ni la kufupishwa, kama saa 7. Bado mimi nalipenda, unamsikia akifika huku kwetu kwa ndugu za babake na anajaribu sauti zao, lakini ujue kuna kurasa zimekatwa, usije ukalalamika baadaye kwamba rafiki yako aliyesoma kile cha karatasi anataja watu ambao wewe hukuwasikia.

Ya pili, na ni bure, LibriVox. Ilianza 2005, ni watu wa kujitolea wanaosoma vitabu ambavyo haki miliki yake imeisha Marekani, kwa hivyo riwaya ya juzi usiitafute hapo, vingi ni vya kabla ya miaka ya 1930. Nimeiweka ya pili si kwa sababu ya bure tu, ni kwa sababu faili ni MP3 za kawaida, unazipakua, zinakaa kwa simu yako, hakuna mtu wa kuja kuzifunga. Za ubora wa 64 kbps ni kama MB 29 kwa saa, saa 10 unatumia MB 290 hivi, na ya 128 ni mara mbili ya hiyo. Kwa sauti ya mtu mmoja anayeongea chukua 64 uache bando yako ipumzike.

Shida yake ni usawa. Kitabu kimoja kinaweza kugawiwa wasomaji kumi, sura hii mama mwenye sauti ya asali, inayofuata kijana anayesomea bafuni inavyosikika, halafu mwingine ana mbwa. Dawa iko kwenye utafutaji wao wa kina, chagua "Solo", inakuletea vile vilivyosomwa na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho. Ukipata msomaji unayempenda bonyeza jina lake uone vingine alivyosoma. Mimi sasa hata sitafuti vitabu, nafuata watu, kuna mama mmoja ambaye akisoma hata kitabu cha mapishi nitasikiliza. Wanajitolea bila kulipwa hata senti na baadhi yao wanawashinda wanaolipwa, nawaheshimu kweli.

Ya tatu AkooBooks ya Ghana, iliyoanzishwa na Ama Dadson, hii ni ya vitabu vya Kiafrika kwa sauti za Kiafrika. Ghala lake ni dogo ukilinganisha na Audible, hilo linajulikana, lakini ukienda pale kwa sababu ya majina kutamkwa inavyopaswa utapata ulichoendea. Mimi nanunua huko pia kwa sababu tusiponunua sisi hizi sauti zitarekodiwa na nani?

Libby naipitia haraka. Ni app ya bure ya kuazima, nzuri sana, lakini lazima uwe na kadi ya maktaba iliyo mwanachama wa OverDrive, kampuni inayozipa maktaba vitabu vya kidijitali. Kama ulisoma ng'ambo na kadi yako bado inafanya kazi, ama chuo chako kina hiyo huduma, anza hapo kabla ya kulipa popote. Kitabu kinajirudisha chenyewe siku zikiisha, na vile maarufu vina foleni ya wiki nyingi. Wengine wetu tuendelee.

Kiswahili sasa, na hapa ndipo roho yangu inauma. Mamangu macho yalianza kumwachilia miaka mitatu iliyopita, presha ya macho. Alikuwa mtu wa kusoma sana, riwaya za Kiswahili zimejaa kwa kabati pale Buruburu, kwa hivyo nikatafuta za kusikiliza. Nikalipia app moja mwezi mzima, si yoyote kati ya hizi nilizotaja, walikuwa wanatangaza hadithi za Kiswahili nami nikalipa bila kufuata mtihani wangu mwenyewe. Ilikuwa mashine. Tukaketi sebuleni, nikamwekea, ikaanza kusoma, Wanjiku ikawa "Wanjaiku", Nyeri ikawa "Naieri", na "ng'ombe" ikagawanyika mara mbili katikati. Mama alivumilia kama dakika nne hivi. Halafu akaniambia, "Huyu hapumui." Nikamwambia mama ni kompyuta. Akasema, "Ndiyo hivyo, mtu akisimulia anapumua mahali panapouma. Huyu hajui pameuma wapi." Nikazima. Pesa hawakurudisha.

Tangu siku hiyo, hicho ndicho kipimo changu, nasikiliza pumzi. Na sauti za mashine zinaongezeka, Apple walizianza Januari 2023 na Audible nao mwisho wa mwaka huo huo, lakini wanaziandika, kwa Audible pale penye jina la msomaji utaona "Virtual Voice". Soma hilo jina kabla ya kulipa. Kwa kitabu cha hesabu za biashara labda inatosha, kwa hadithi mimi siwezi kumshauri mtu.

Kilichomfaa mama ni Bible.is, ya shirika la Faith Comes By Hearing, bure, Kiswahili kipo, na Agano Jipya limeigizwa kwa sauti za watu wengi, kuna muziki, kuna kelele za umati. Mimi maigizo ya namna hiyo hunichosha kwa riwaya, napenda mtu mmoja anayenisimulia, lakini kwa Injili inaingia, na mama anaipunguza spidi kidogo kwa sababu anataka kurudia mistari kimoyomoyo. Simulizi za YouTube pia anasikiliza, nyingi ni za Tanzania, na wale jamaa wanajua kusimulia, Kiswahili kinatembea chenyewe, ila matangazo yanakatiza mahali pabaya na ubora unapanda na kushuka, kwa hivyo naziweka chini ya zote nilizotaja lakini juu ya mashine, na natafuta zile ambazo mtunzi mwenyewe ndiye ameziweka. Watu wa umri wake walilelewa na redio, walimsikiliza mtangazaji Leonard Mambo Mbotela miaka na miaka, ukiwapa msomaji mvivu wanamjua kwa sentensi moja.

Hedifoni usisumbuke sana. Za waya za shilingi mia tatu pale Luthuli zinatosha sauti ya mtu, za bei ni za wapenda bass. Vaa sikio moja ukiwa kwa mat, lingine liache wazi usikie konda na ujue nani anasogea karibu na begi lako. Pakua kila kitu usiku kwa wifi ya nyumbani ama ya ofisi, kuna vipande vya Magadi Road ambavyo neti inakatika na msomaji anaganda katikati ya neno.

Zile riwaya za kabati ya mama sijazipata popote zikiwa zimesomwa na mtu. Kwa hivyo Jumapili baada ya chakula naketi karibu na dirisha na simu juu ya mto ili isidake mwangwi, nasoma sura moja nikirekodi, ya kwake peke yake, na yeye anasikiliza tena Jumatatu hadi Jumamosi. Tuko sura ya kumi na moja. Wiki iliyopita alinirudisha nyuma ukurasa mzima, "Hapo umekimbia, soma tena," na nikasoma tena.