Programu za Kutunza Marejeo: Kagua Kwanza Mlango wa Kutokea

Anayeandika tasnifu huuliza ni programu ipi inapanga marejeo vizuri. Karibu zote zinapanga: unachagua mtindo wa kunukuu, kama APA au Chicago, unabofya, orodha inajipanga. Mimi huuliza jingine: siku nikitaka kuhama, nitatoka na vyanzo vyangu vya miaka mitano? CiteULike, tovuti ya kuhifadhi marejeo, ilifungwa 2019. Pocket ya Mozilla, ambako wengi walijiwekea makala za kusoma baadaye, ikafungwa Julai 2025. Kwa kipimo hicho, nazipanga hivi.

Ya kwanza ni Zotero, na sioni inayoikaribia. Ilianza 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Ni ya bure na ni programu huria. Ukiwa kwenye ukurasa wa makala, bofya kitufe chake kwenye kivinjari: mwandishi, mwaka, jarida, na mara nyingi PDF yenyewe, vyote vinaingia. Kwa kurasa za kawaida za intaneti huhifadhi nakala ya ukurasa ulivyokuwa siku hiyo. Hapo ndipo iliponiteka, maana nimechoka kurudi kwenye kiungo nilichokinukuu na kupokewa na 404, yaani ukurasa haupo tena. Inafanya kazi ndani ya Word, LibreOffice na Google Docs, tena hukuonya ikiwa makala uliyoihifadhi imebatilishwa na jarida lake. Dosari yake ni nafasi: seva zao zinakupa MB 300 tu bure, na PDF za kuskani huzimaliza upesi. GB 2 ni dola 20 za Marekani kwa mwaka. Usikimbilie kulipa, lakini. Kinachojaza nafasi hiyo ni mafaili, si marejeo, na mafaili unaweza kuyaacha kwenye kompyuta yako, ilimradi uwe na nakala mahali pengine.

Ya pili ni JabRef, kwa wanaoandika kwa LaTeX tu, mfumo wa kupanga maandishi kwa amri. Nayo ni bure, na kila kitu kinakaa kwenye faili la maandishi la BibTeX ambalo hata kihariri cha kawaida kinalifungua. Kama hujui LaTeX ni nini, ipite.

Paperpile naiweka ya tatu. Ni ya kulipia, ila anayeshinda kwenye Google Docs ataipenda, na PDF zinaweza kukaa kwenye Google Drive yake mwenyewe.

EndNote ni kongwe na ina nguvu, hasa kwa mwenye maelfu ya vyanzo, lakini bei yake si ya mwanafunzi. Uliza maktaba ya chuo kabla ya kutoa hela, huenda imeshalipiwa. Uliza pia leseni hiyo itakuwaje ukishahitimu.

Mwisho Mendeley. Inatoa GB 2 bure, zaidi ya Zotero, na kusomea PDF ndani yake kunapendeza. Ila tangu Elsevier, kampuni ya kuchapisha majarida, iinunue 2013, watumiaji wamehamishwahamishwa: programu ya simu iliondolewa 2021, na programu ya zamani ya kompyuta ikaacha kutolewa 2022.

Yoyote utakayoipenda, ijaribu kwa vyanzo kumi. Weka na madokezo, kisha vitoe vyote kwa muundo wa faili wa RIS au BibTeX, ambao programu nyingi huusoma, uvifungue kwenye programu nyingine. Marejeo yatafika, kinachopotea njiani kwa kawaida ni madokezo na PDF. Ukiwa hapo, kagua majina ya waandishi pia, kwani hakuna hata moja kati ya hizi isiyowahi kugeuza jina la kwanza kuwa la ukoo.