Uzoefu wangu: postikadi ya klabu yetu ya vijana Malindi, kutoka Canva ya bure hadi kwa mchapishaji

Kwa klabu isiyo na pesa ya kumlipa msanifu, Canva, programu ya mtandaoni ya kusanifu kadi na mabango, inafaa, na toleo la bure linatosha. Naliweka hilo mbele ili mwenye haraka aondoke nalo. Naipa nyota nne kati ya tano. Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya kandanda hapa Malindi, pwani ya Kenya, wavulana na wasichana walio chini ya miaka 15, na kadi yetu niliisanifu karibu yote kwa simu, nikaenda kuimalizia kwenye kompyuta ya saiba. Programu yenyewe haikunisumbua. Kazi ilikuwa kwenye picha, wazazi, mwenyekiti na mchapishaji, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Mtu atauliza postikadi ya nini zama hizi za WhatsApp. Bango la simu likifika asubuhi, adhuhuri limeshafunikwa na salamu za Ijumaa na matangazo ya viwanja vinavyouzwa. Kadi ngumu hukaa. Utaikuta imechomekwa pembeni mwa kioo cha kinyozi, au imeegemezwa kwenye kaunta ya duka la dawa. Halafu kuna wageni. Malindi ina Waitaliano wa kukaa na wa kupita, na msimu wa kaskazi ukiingia hoteli huchangamka. Mgeni hayumo kwenye grupu letu la wazazi, lakini postikadi anaijua kazi yake.

Anza na ukubwa. Postikadi ya kawaida ni A6, milimita 148 kwa 105. Andika vipimo hivyo unapofungua kazi mpya, kwa sababu kwenye toleo la bure huwezi kubadilisha ukubwa wa kazi uliyokwisha kuianza. Kitufe kipo, ila kinataka ulipie. Kuondoa mandhari ya picha kwa kubonyeza mara moja pia ni kwa wanaolipa, na vivyo hivyo picha na maumbo yenye alama ya taji. Nilivikwepa vyote na sikuona pengo. Shirika lisilo la faida lililosajiliwa linaweza kuwaomba Canva mpango maalumu usio na malipo. Sisi bado tunahangaika na makaratasi ya Msajili wa Michezo, kwa hiyo hatukuomba.

Violezo vya michezo ni vingi na vinapendeza, isipokuwa havikutengenezwa na mtu aliyewahi kucheza mpira Malindi. Nyasi zilizokatwa kwa mashine, mataa ya uwanjani usiku, wachezaji wa mpira wa Kimarekani na kofia zao ngumu. Hayo unaweza kuyafuta. Kinachoudhi zaidi ni visanduku vya maneno, ambavyo vimepimwa kwa Kiingereza cha maneno mawili matatu mafupi. Weka humo "Usajili wa wachezaji wapya unaendelea" uone: ama herufi zinasinyaa, ama mstari unakatika na "unaendelea" inaangukia juu ya mpira. Mwisho nilikiondoa kiolezo chote, nikabaki na rangi mbili za jezi yetu na aina moja ya herufi nene. Mbele ya kadi pakaandikwa "Njoo tucheze", basi.

Picha ndiyo kadi. Vijana wetu hupenda kufanya mazoezi ufukweni maji yakiwa yametoka na mchanga umekuwa mgumu. Sasa ufuo wetu unatazama mashariki, na asubuhi jua linatokea baharini. Ukimsimamisha mtoto mbele ya maji saa hizo unapata giza lenye masikio. Alasiri mambo hugeuka: jua liko upande wa mji, nuru inawapiga watoto mbele na bahari nyuma yao inaonekana. Ilibidi tungoje siku ambayo maji kupwa yanaangukia alasiri, na kwa jambo hilo hakuna programu iliyompita mvuvi.

Kabla ya kamera, wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na uso wa mtoto uliochapwa kwenye kadi za kugawa mjini ni taarifa zake. Tuliandaa fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ikisema picha itatumika wapi na kwa kazi gani. Wengi walitia saini pale pale uwanjani. Mama mmoja akakataa, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, mwanangu na acheze, mimi sina neno. Lakini uso wake usizunguke mahotelini." Sisi wa Malindi hatuhitaji kuelezwa anachokiogopa. Hakuna aliyembishia.

Neno lake ndilo lililotupa picha. Tulishusha simu hadi karibu igusane na mchanga, tukapiga miguu tu: mmoja una kiatu kilichofunguka kamba, mwingine una soksi tupu, msichana amevaa suruali ndefu nyeusi chini ya bukta, mpira uliochunika ngozi upo katikati yao, na mchanga umeruka umeganda hewani. Hakuna uso hata mmoja. Kwa maoni yangu ni bora mara kumi kuliko ile picha ya timu nzima imejipanga mikono nyuma, ambayo kila klabu inayo.

Kulikuwa na suala la bahari. Siku tuliyopiga, mto Sabaki ulikuwa umeshuka na udongo wa bara, na maji ya ghuba yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mwenyekiti akataka yawe ya samawati. Canva inaweza, unavuta kitelezi, bahari inatakata. Nilimwonyesha zote mbili.

"Mwenyekiti, mgeni atakuja hapa aone maji mekundu, aseme tumemdanganya."

"Kumbe atakuja?" akajibu. "Si ndicho tunachokitaka?"

Kwa hilo sikuwa na jibu. Tulikubaliana kuikata picha, bahari ikabaki ukanda mwembamba juu ya vifundo vya miguu, na rangi yake ikabaki ile ile Mungu aliyoileta siku hiyo.

Upande wa nyuma ndio uliotugombanisha kweli. Rasimu ya mwenyekiti ilikuwa na ujumbe wake, dira, dhamira, majina ya kamati na shukrani. Nikayapanga maneno yote kwenye ukubwa wa A6, nikatoa nakala pale saiba, nikamkabidhi asome. Aliisogeza mbali, akaileta karibu, akairudisha. "Basi toa kamati," akasema, "lakini dira ibaki." Tukaenda hivyo, kipande kwa kipande, mpaka ikabaki kadi. Nusu ya kulia tuliiacha wazi kwa anwani na stempu, kama postikadi yoyote. Wengine wanaona hiyo ni nafasi iliyopotea. Mimi naona mgeni akiiandikia nyumbani kwao ametutangazia kwa stempu aliyoinunua mwenyewe. Kushoto kuna jina la klabu, umri wa wachezaji, mahali pa mazoezi, simu, anwani yetu ya Malindi 80200, na mstari mmoja wa Kiitaliano tuliosaidiwa na kijana anayefanya kazi hotelini.

Namba ya pesa hatukuweka. Kuna aliyependekeza M-Pesa ya mweka hazina, na mweka hazina wetu ni mtu safi, lakini namba ya mtu binafsi kwenye kadi ya watoto inanuka utapeli kwa asiyetujua. Mpaka akaunti ya klabu ifunguliwe, anayetaka kusaidia apige simu, tumwambie tunahitaji mipira na glavu za kipa.

Msimbo wa QR unatengenezwa ndani ya Canva, bure, na wetu unafungua WhatsApp ya klabu. Uwe na sentimita mbili kila upande, mweusi juu ya mweupe, na uujaribu kwa simu ya bei nafuu baada ya kuchapwa. Nimeona kadi za watu zenye msimbo wa dhahabu juu ya picha ya machweo. Ni pambo zuri.

Sasa ile nyota niliyoizuia. Skrini inaonyesha rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, yaani RGB. Mashine ya kuchapa inatumia wino wa siani, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK, na zipo rangi za mwanga ambazo wino hauzifikii hata ufanyeje. Jezi zetu ni za kijani cha ndimu, kile kinachowaka, na hicho ni miongoni mwa rangi za kwanza kupoa zikifika karatasini. Kutoa PDF yenye rangi za CMYK ni kwa wanaolipa tu. Wa bure unatoa RGB, na kazi ya kugeuza inabaki kwa mchapishaji na mashine yake. Kwa kitu kinachojitangaza kuwa cha kutengenezea kadi za kuchapwa, hapo naona wamebana mno.

Dawa yake ni karatasi moja ya majaribio, kwenye karatasi ile ile itakayotumika. Duka la kwanza nililoingia halikutaka kusikia habari za majaribio, na likanitaka nitume kazi kama picha ya WhatsApp. Nikaaga. WhatsApp huibana picha hadi iwe nyepesi, na kadi ya A6 inahitaji kama pikseli 1748 kwa 1240 ili itoke kali kwa nukta 300 kwa inchi. Ikibidi kutuma kwa njia hiyo, itume PDF kama faili la hati.

Duka la pili ni kichumba chenye mashine mbili na feni inayolalamika. Fundi alichomeka flashi yangu, akalifungua faili, akalikuza mpaka pembe moja ikajaa kioo chote, akafuata ukingo kwa kidole.

"Hii umeacha ya kukatia," alisema. "Wengi hawaachi, halafu wakiona mstari mweupe pembeni wanasema mashine mbovu."

Hiyo ya kukatia ni milimita 3 za picha zinazozidi kila upande, kwa hiyo ukurasa unakuwa 154 kwa 111 na gilotini inazipunguza. Kwenye Canva unachagua PDF ya kuchapishwa, kisha unaweka tiki kwenye alama za kukatia. Kijisehemu hicho kipo hata kwa wa bure, na ndicho kilichonifanya nisishuke hadi nyota tatu. Kadi nne za A6 zinaenea barabara kwenye A4, ndiyo maana wengi hukimbilia huko, lakini mashine nyingi za ofisini hazipaki wino mpaka ukingoni, na ziada ya kukata haina pa kukaa. Fundi wetu alizipanga kwenye SRA3, milimita 450 kwa 320, nane kila karatasi. Naye hutoza kwa karatasi, kwa hiyo fikiria kwa mafungu ya nane: kadi 200 ni karatasi 25 kamili. Ukiagiza 100 atachapa karatasi 13, ambazo ni kadi 104. Zile nne zidai, ni zako.

Majaribio yalitoka na kijani kilichofifia, kama nilivyotarajia. Aliongeza njano kidogo, akapunguza siani, akatoa nyingine. Haikuwaka kama simuni, ila sasa ilikuwa jezi yetu. Nikataka pia laminesheni ya kung'aa upande wa picha, akatikisa kichwa: "Mwalimu, hapa pwani ukiziba upande mmoja, ule mwingine unakunywa unyevu. Baada ya wiki kadi imejikunja." Tukachukua karatasi ya gramu 300 isiyong'aa, bila kuziba popote. Inashika alama za vidole, hasa vidole vya watoto waliotoka kula maembe, lakini kalamu ya biki inaandika nyuma bila kuteleza.

Na kuandika ni lazima, kwa sababu saa za mazoezi hatukuzichapa. Tuliacha mstari mtupu. Ramadhani mazoezi huhamia baada ya tarawehe, shule zikifunguliwa hurudi jioni, na kadi iliyochapwa saa isiyo sahihi ni kadi ya kutupwa. Kocha hujaza kwa mkono kabla ya kumpa mzazi.

Kwenye hoteli, zungumza na meneja kwanza na umwachie kadi ishirini tu. Ukimwachia mia zinaishia kwenye droo. Meneja mmoja alitaka nembo ya hoteli yake iwekwe nyuma ndipo aziruhusu mapokezi. Kamati ilibishana, tukampa masharti: nembo isizidi sentimita moja na nusu, ikae chini kabisa kushoto, na toleo lenye nembo alilipie yeye, karatasi zote 25. Amekubali, na fundi ameshapewa faili.