Peugeot 505 ya 1985: Tuifufue au Tuiache Chini ya Mwembe?

Haya wadau, tupo Tanga, Chumbageni, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Mdogo wangu, sogeza kamera, ngoja nivute hili turubai. Hebu oneni. Peugeot 505 GR, saluni, ya mwaka 1985, rangi ya maziwa. Imelala hapa tangu masika ya mwaka jana. Mzee anataka milioni 4, na nyinyi mmenijazia meseji mkiuliza kama inafaa kununua na kufufua.

Nimetoka Dar alfajiri, na jibu nilikuwa nalo tayari: msinunue. Hapa kwetu anayefufua magari ya zamani anakimbilia Peugeot 504, kaka yake huyu, au Benzi ya zamani, ile W123, kama mfuko unaruhusu. 505 haitafutwi na mtu. Na sababu naijua. Peugeot ilipata jina Afrika Mashariki kwenye Safari Rally, yale mashindano ya magari. Ilianza Peugeot 404: dereva Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, akashinda nayo 1966 na 1967, mfululizo. Ikaja 504, ikachukua 1975 na 1978. Wazee wetu walikaa kando ya barabara wakala lile vumbi, wakaona kwa macho yao. Hii 505 ilitoka 1979, na Safari haikushinda hata mara moja. Basi ikakosa hadithi. Gari isiyo na hadithi kwetu hainunuliki.

Samahani kwa sauti ya video iliyopita, ile ya Land Rover. Upepo ulimeza maneno yote. Leo nina maiki mpya, niambieni kwenye maoni kama mnanisikia vizuri.

Farasi ngapi, urefu gani, hayo mnayajua, sitawachosha nayo. Tufungue boneti.

Hapa ndipo nilipoanza kulegea. Nilikuja nikijua spea hakuna. Lakini hii ni GR ya kabureta, ujazo wa injini cc 1971, na injini hii ni ya ukoo ule ule wa 504. Magari ya 504 yaliunganishwa Kenya, yakaunganishwa Nigeria kule Kaduna, yakatembea bara zima. Ndiyo maana mpaka leo ukiingia maduka ya Shauri Moyo, Ilala, ukamkuta mzee wa spea za zamani, atakutolea kitu kutoka kabatini. Na kuna jambo vijana wengi hawalijui: silivu za injini hii, yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinachomoka. Injini ikichoka huna haja ya kuchonga bloku. Unatoa silivu na pistoni zake, unaweka seti mpya, maisha yanaendelea. Kwa mtu anayefufua, hiyo ni neema.

Ila silivu hizo zinazungukwa na maji, na chini zina sili ya kuzuia maji yasishuke. Mtu akiendesha miaka mingi kwa maji ya bomba bila kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu, kutu inakula, maji yanaingia kwenye oili. Kwa hiyo kabla hujashika hata usukani, chomoa kijiti cha oili. Angalia hapa. Nyeusi, imezeeka, lakini ni oili. Ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, ningefunga boneti tukaenda kula samaki. Fungua na kifuniko cha kujazia oili, pitisha kidole ndani. Safi. Mzee wangu, ulikuwa unaweka kulanti? Anasema kila mwaka. Naam, mwalimu.

Sasa njooni nyuma. Hapa tutakaa kidogo, maana kitu hiki ndicho kimenibadilisha mawazo.

Nakaa kwenye bampa, uzito wangu wote. Naruka, naachia. Imeshuka, imepanda mara moja, imetulia. Narudia upande wa kulia: imeshuka, imepanda, imetulia. Gari ya 1985! Peugeot enzi hizo walikuwa wanatengeneza shokapu zao wenyewe, na huu ndio ushahidi. Mdogo wangu, lala chini uwaonyeshe. Unaona huu mkono, na ule pale? Kila tairi la nyuma linajitegemea. Wagoni yake, ile ya safu tatu za viti, nyuma ina ekseli moja nzima. Ina nguvu ya kubeba, ndiyo, lakini ulaini huu haina.

Twende barabarani. Betri tumeazima kwa jirani. Stata mara mbili... mara ya tatu... imewaka! Moshi kidogo, unaisha. Tairi zimekauka, kwa hiyo sitazidisha spidi 40. Sikilizeni tu. Lile tuta mbele nimeliona, na sipunguzi mwendo. Tayari? Umesikia nini? Mlio mmoja wa chini, mzito, basi. Kichwa changu hakijagusa paa, mgongo haujaniuma. Narudi tena, sasa kamera elekezeni kwenye tairi la nyuma. Linapanda mpaka linamezwa na bodi, linashuka taratibu, halafu gari inatulia kana kwamba haikupita kitu. Sasa kile kipande cha mashimo kando ya ukuta. Gari yangu ya kila siku ni Toyota IST, inanifikisha kazini na mafuta hailambi, lakini shimo la namna hii ingenigonga mpaka kwenye meno. Hii inapita tu. Na viti! Unakaa ndani ya kiti, hukai juu yake. Nikifumba macho nakumbuka safari za utotoni kwenda Lushoto, siti ya nyuma, unalala unaamka umefika. Starehe hiyo leo unailipia mamilioni mengi, na bado unapewa tairi nyembamba na saspensheni ngumu kama benchi la shule.

Nimekaa sana hapo, najua. Sasa ubaya wake.

Tupo Tanga, na upepo wa bahari una chumvi. Nimekuja na sumaku na bisibisi. Sumaku kwenye mlango wa dereva: inashika. Chini ya mlango wa nyuma kushoto: haishiki, inaanguka. Kuna puti hapo, ule udongo wa kuzibia bodi, nene. Bisibisi naisukuma kidogo... imeingia. Mnaona? Bati limekwisha. Nainua kapeti upande wa abiria: tundu saizi ya sarafu, na pembeni bati limekuwa kama biskuti. Pale shokapu za mbele zinapofungwa kwenye bodi nimegonga pande zote mbili, pazima kabisa. Pangekuwa pameoza hapo, ningemwambia mzee aiuze kwa wanaonunua vyuma chakavu. Sakafu na kingo za milango fundi wa kuchomelea anaweza. Lakini ni kazi ya kukata, kuchomelea, kunyoosha, ndipo rangi. Mimi naweka milioni 2 na nusu kwa bodi peke yake, na fundi awe mwaminifu, asifunike kutu kwa puti nyingine.

Na wewe uliyeniandikia kwamba umeona 505 STI, ile ya mafuta ya sindano badala ya kabureta, inauzwa Arusha, tulia kwanza. Tazama rimu. Kama ni zile za TRX za Michelin, kipenyo chake ni milimita 390. Hiyo ni inchi 15 na kitu. Tairi ya 15 haiingii, ya 16 inapwaya, na tairi zenyewe kuzipata ni kuagiza Ulaya kwa bei inayoumiza. Utabadilisha rimu zote nne, kwa hiyo hela hiyo ikate kwenye bei kabla hujatoa mkono. Hii GR ina rimu za kawaida za inchi 14, tairi unanunua mjini siku hiyo hiyo.

Tupige hesabu basi. Milioni 4 ya mzee, 2 na nusu ya bodi, tairi, breki, mipira yote ya maji, bushi, kabureta kufunguliwa. Unakaribia milioni 9. Ukiirudisha sokoni hairudi hela hiyo, hakuna atakayekupa. Anayetaka kununua auze, aachane nayo leo, akatafute Toyota. Lakini mtu anayetaka kuiendesha yeye mwenyewe, kwenda nyumbani Krismasi na familia nyuma, mimi simzuii tena. Hii ni saluni ya mwisho ya Peugeot inayosukuma kwa nyuma, na zinakatwa vyuma kila siku kwa sababu watu wanasubiri 504.

Nimekaa na mzee kibarazani, tumekunywa kahawa. Nimempa heshima yake, nimemwonyesha ile sumaku ilipoanguka. Ameshuka mpaka 3 na nusu. Mimi nimesimama kwenye 2 na nusu, na kadi ya gari nimeiona, jina ni lake. Anasema atamuuliza mama watoto kwanza, maana gari ndiyo iliyompeleka hospitali kujifungua watoto watatu. Kesho saa mbili asubuhi narudi na fundi na jeki, tutazame chini vizuri.